Mti Unaokunywa Rangi

Paukwa!

Pakawa!

Chungu!

Cha rangi.

Kisu!

Cha mti.

Kuchoka!

Kwa mama.

Haya, kaeni. Wewe uliyesimama mlangoni ingia ndani, unanizibia mwanga mdogo uliobaki. Na nyinyi mnaosukumana acheni, mgongo wangu leo haunipi nafasi ya kugombana na mtu. Nitaisema mara moja tu.

Basi hapo kale palikuwa na kijiji kikiitwa Mgongoni, kwa sababu kilikaa mgongoni mwa kilima, na mashamba yake yote yalikuwa bondeni. Asubuhi watu wazima walishuka kulima, jioni walipanda kurudi. Mchana kijijini walibaki watoto na kuku.

Na ng'ambo ya bonde, msituni, liliishi zimwi. Hili halikuwa zimwi la usiku. Lilikuwa zimwi la jua la utosi. Lilitembea mchana kweupe watu wakiwa shambani, maana baridi ya machweo lilikuwa haliiwezi. Likikutwa nje jua linapozama, linageuka udongo. Kwa hiyo kila siku kabla ya jua kuzama lilikuwa limekwisha kuingia pangoni mwake.

Zimwi hilo lilikuwa na mwiko mmoja. Haliwezi kupita mlango wenye rangi mpaka kwanza lizihesabu rangi zenyewe, zote, bila kukosea. Ndivyo lilivyozaliwa, na wala msiniulize kwa nini. Hata nyinyi mna mambo yenu ambayo sielewi.

Watu wa Mgongoni waliujua mwiko huo. Kila nyumba yenye mtoto ilikuwa na kititia, kile kigurudumu cha mabawa matatu ambacho ukikimbia nacho kinazunguka. Bawa moja jekundu, moja la njano, moja la buluu. Asubuhi mtoto alikichezea. Mchana akiingia kulala alikichomeka juu ya mlango. Zimwi likija, linainama lihesabu.

"Moja nyekundu, mbili njano, tatu..."

Pumzi zake zinapuliza, kititia kinazunguka, rangi zinachanganyika.

"Lo! Nimepoteza. Naanza upya."

Linahesabu, linapuliza, linapoteza. Mpaka jua linapinda, nalo linarudi kwake na njaa yake.

Basi mwenye kuvitengeneza vititia hivyo alikuwa mtu mmoja tu. Jina lake Semeni.

Semeni alikuwa mjane, na mtoto wake mmoja, Mashavu, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele. Kazi ya vititia aliirithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Jua la mwaka mzima hupausha rangi, kwa hiyo kila mwaka, kabla ya masika, vititia vyote vilitengenezwa upya. Nyumba arobaini, vititia arobaini, mikono miwili.

Na msidhani ni kazi ya kukaa kivulini. Semeni alitembea nusu siku mpaka kilima cha tatu kutafuta mti uitwao mgude. Akakata gogo, akalibeba kichwani, akalichemsha kwenye chungu kikubwa mpaka lilainike. Halafu akalibandua kwa kisu, kibamba kwa kibamba, chembamba kama ganda la kitunguu. Vibamba akavianika kivulini siku tatu, maana juani hujikunja na motoni hupasuka. Ndipo akachemsha rangi: nyekundu ya mbegu za mzingefuri, njano ya mizizi ya manjano, buluu ya majani ya mnili.

Mtasema, kwa nini mgude? Mninga si upo pale nyuma ya nyumba? Upo, na ni mti mzuri, kila fundi anausifu. Lakini mninga umeshiba rangi yake mwenyewe na mafuta yake mwenyewe. Ukiupaka rangi, inakaa juu juu kama mgeni asiyepewa kiti. Mgude hauna sifa. Mweupe, mwepesi, wadudu wanautafuna, hakuna anayeutaka kwa kitanda wala kwa mlango. Ila una kiu. Rangi ukiupa, inaingia mpaka ndani.

Hata hivyo Semeni hakuyaamini macho. Kila kibamba kikikauka, alikitemea mate kidogo, akauliza kama alivyouliza mama yake:

"Mti, mti, unakunywa au unatema?"

Mate yakizama, mti unakunywa, atautia rangi. Mate yakibaki tone, mti unatema, autupe. Alifanya hivyo kwa kila kibamba, kimoja kimoja.

Basi mwaka huo Semeni alikuwa amechoka. Wala si uchovu ule wa kulala ukaamka mzima. Alikuwa akiamka amechoka kama alivyolala. Alikuwa akikaa chini, kunyanyuka kunamwia kazi. Mama yake alikufa na kisu mkononi, na Semeni aliona naye atakwenda vivyo hivyo.

Akaenda kwa jirani yake Kidawa. "Mwenzangu, mwaka huu nisaidie kubandua."

Kidawa alikuwa anapepeta mchele. Hakusimamisha ungo. "Wewe ndiye mwenye mkono, Semeni. Sisi hatujui. Na changu je, kitakuwa tayari lini?"

Akaenda kwa mkuu wa kijiji. "Nipe hata mtu wa kubeba gogo."

"Wewe ndiye mwenye mkono, Semeni. Sisi hatujui. Na changu je, kitakuwa tayari lini?"

Akawaambia wanawake kisimani. Wakamjibu kwa pamoja, tena kwa kumsifu: "Wewe ndiye mwenye mkono, Semeni. Sisi hatujui. Na vyetu je?"

Semeni akachukua panga lake akaenda zake. Alikuwa hana hata nguvu ya kuwakasirikia.

Siku moja, akiwa njiani kwenda kilima cha tatu, akakutana na kijana. Kanzu safi, meno meupe, adabu tele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole, mama, umechoka. Pumzika, mti nitakuletea mimi."

Semeni akamtazama. "Ahsante, baba. Kazi hii ina mwenyewe."

Akaenda, akakata gogo. Akiwa anarudi mvua ikanyesha, njia ikateleza, gogo likamshinda akaliacha bondeni.

Siku ya pili akakutana naye tena.

"Pole, mama, umechoka. Pumzika, mti nitakuletea mimi."

Semeni akasimama kidogo. Mwaka mzima ulikuwa umepita hajaambiwa pole na mtu. "Ahsante, baba. Acha nijaribu leo pia."

Akaenda, akalileta gogo mpaka nyumbani, akalichemsha. Kisu kikamponyoka kikamkata kidole. Akafunga kitambaa, akaendelea, vibamba vyote vikaingia damu akavitupa.

Siku ya tatu hakwenda popote. Alikaa kizingitini, kidole kimevimba, anatazama njia. Kijana akaja mwenyewe.

"Pole, mama, umechoka. Pumzika, mti nitakuletea mimi."

Machozi yakamtoka Semeni. "Haya, mwanangu. Niletee."

Na msimcheke. Mtu aliyechoka hadanganywi kwa dhahabu. Anadanganywa kwa neno pole. Ngojeni mkue, mtaniambia.

Basi hata jua halijapinda kijana akarudi na mzigo wa vibamba, vyembamba, vimenyooka, vimekauka, vinang'aa kama vilivyopakwa samli. Mti wenyewe Semeni hakupata kuuona. Akauliza ni mti gani, kijana akasema ni wa kwao, unashika rangi kuliko miti yote. Akakaa mkekani pale uani, akangoja kazi ianze.

Semeni akachukua kibamba. Mate yakamjaa kinywani, kama yalivyozoea.

Lakini huko Mgongoni, kukitemea mate kitu ulichopewa, mbele ya aliyekupa, ni tusi kubwa kuliko kumtukania mtu mama yake. Ndugu wameachana kwa jambo hilo. Semeni akamtazama kijana mwenye adabu aliyebeba mzigo wake, peke yake katika kijiji kizima. Akaona haya. Akayameza mate.

Akachemsha rangi, akatia vibamba, akavitoa. Loo, vilivyopendeza! Nyekundu ya kuumiza macho, njano ya kiini cha yai, buluu ya mbingu. Siku mbili vititia arobaini vikawa tayari. Watu wakaja kuvichukua, wakasema, "Mwaka huu umejitahidi." Kijana alikuwa amekwisha kuaga kwa adabu, kabla jua halijazama. Semeni akalala siku nzima, na mara moja aliota kuwa amelala.

Kesho yake akashuka mtoni kuosha vyungu vya rangi. Mashavu akambakisha nyumbani, kititia kikiwa mlangoni. Mvua ya kwanza ya masika ikashuka, kubwa, ya ghafla. Semeni akajibanza chini ya jabali akingoja ipite.

Ilipopungua akaona maji yakiteremka njiani kutoka kijijini. Kwanza maji mekundu. Halafu ya njano. Halafu ya buluu. Yakapita miguuni pake yakaingia mtoni.

Semeni akaacha vyungu, akakimbia kupanda kilima. Miguu haikutaka. Aliisukuma kwa mikono, anashika magoti, anapanda. Kila mlango alioupita ulikuwa na kititia cha rangi moja tu, ile ya samli, kimelowa, hakina cha kuhesabiwa.

Alipofika kwake zimwi lilikuwa linatoka mlangoni, Mashavu kwapani.

"Mama!" Mashavu akalia. "Mama!"

Zimwi likageuka. Sura ya zimwi, sauti ya yule kijana. "Pole, mama, umechoka. Ahsante kwa kazi nzuri. Huyu nitamlisha anenepe. Siku ya tano, jua likiwa utosini, nampika. Wengine nitawafuata baadaye, nyumba kwa nyumba. Sina haraka."

Likavuka bonde kwa hatua tatu. Semeni akabaki na mikono hewani.

Basi watu wakarudi mbio kutoka shambani. Walipoona milango yao, wakamzunguka.

"Semeni, umetuua!"

"Semeni, ulikuwa unafikiri nini?"

"Semeni, vititia vyetu!"

Semeni akawatazama mmoja mmoja. "Nilikuwa nimechoka," akasema. "Niliwaambia. Nilikuja mlangoni kwenu nikawaambia. Mtoto wangu amechukuliwa na bado mnaniuliza vyenu."

Watu wakarudi nyuma. Wakawachukua watoto wao wakaenda kujifungia. Ila Kidawa alisimama pale pale, anavuta ncha ya kanga yake. Halafu akaingia kwake, akatoka na panga.

"Kilima cha tatu ni upande gani?" akauliza.

Siku ya kwanza wakatoka alfajiri, wakakata gogo la mgude, wakalibeba wawili, huyu mbele huyu nyuma. Jioni wakachemsha, wakabandua. Vibamba kumi vya kwanza Kidawa alivipasua. Cha kumi na moja kikatoka kizima. Akakiinua akakitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe mkono unafundishika." Semeni aliendelea kubandua. Alikuwa anahesabu siku.

Siku ya pili vibamba viko kivulini. Hakuna cha kufanya ila kungoja. Watoto, hakuna kazi inayochosha kama kungoja. Semeni alikaa karibu na vibamba vyake kama anayekaa na mgonjwa. Anavigeuza upande huu, anavigeuza upande ule. Kila upepo ukivuma kutoka ng'ambo alidhani anasikia mama, mama.

"Tuviweke motoni," Kidawa akasema. "Mtoto yuko kwa zimwi, wewe unangoja kivuli!"

"Motoni vitapasuka."

"Basi juani."

"Juani vitajikunja. Nyamaza, mwenzangu. Ukisema tena nitaviweka."

Siku ya tatu akaja kikongwe, anajikongoja na bakora, mzigo mgongoni. Watu walikuwa wamejitokeza kidogo kidogo, wamesimama uani kwa Semeni wasijue la kufanya na mikono yao. Kikongwe akatua mzigo, akaufungua. Vibamba vyeupe, vyembamba, vikavu kabisa. Mgude mtupu ukiviangalia.

"Pole, mwanangu, umechoka," akasema kikongwe. "Pumzika, mti nimekuletea mimi."

Watu wakashangilia. "Mungu mkubwa! Semeni, pokea! Vyako bado vibichi. Tia rangi leo, kesho ukamfuate mtoto!"

Maneno yale ya kikongwe Semeni aliyajua. Lakini, jamani, vibamba vilikuwa vikavu. Vyake vilibakiza siku moja na nusu, na mtoto wake alikuwa akilishwa ili aliwe. Akachukua kibamba kimoja. Kilikuwa kizuri. Alitamani kiwe cha kweli kuliko alivyotamani kitu chochote maishani mwake.

Mate yakamjaa kinywani. Safari hii hakuyameza. Mbele ya watu wote, mbele ya aliyempa, akatema.

"Semeni!" Kidawa akashika mdomo. "Zawadi ya mzee!"

Semeni akauliza, "Mti, mti, unakunywa au unatema?"

Watu wakainama kutazama. Mate yalisimama tone, yakatingishika kama maji kwenye jani la magimbi, yakaviringika, yakadondoka chini. Kibamba kikabaki kikavu.

"Umepakwa mafuta," Semeni akasema.

Kikongwe akanyooka. Mgongo uliokuwa umepinda ukanyooka, ukazidi kunyooka, mpaka kichwa kikapita paa. Watu wakashika mapanga. Zimwi likacheka, likarudi nyuma.

"Haya, tengeneza chako," likasema. "Kitundike mlangoni kwako, kilinde nyumba tupu. Mimi wangu ninaye."

Likaenda zake. Semeni akakaa chini. Halafu akavigeuza vibamba vyake upande wa pili, maana wakati wake ulikuwa umefika.

Basi siku ya nne jioni vikakauka. Akavitemea mate, kimoja kimoja, mate yakazama. Alfajiri ya siku ya tano akatia rangi: nyekundu, njano, buluu. Akafunga mabawa matatu kwenye ujiti. Kititia kimoja tu. Kikakauka mkononi njiani, yeye na Kidawa wakivuka bonde.

Pango la zimwi lilijulikana lilipo. Ni kwamba hakuna aliyewahi kutaka kwenda. Wakajificha vichakani. Jua likapanda. Karibu na utosi zimwi likatoka kutafuta kuni, linaimba:

"Kijungu changu chachemka,
chumvi ninayo, kuni sina,
mama kachoka, kalala."

Lilipopotelea msituni, Semeni na Kidawa wakakimbia kuingia. Lakini kabla ya kuingia, Semeni akanyoosha mkono akakichomeka kititia juu, katika ufa wa jiwe, kwenye mdomo wa pango.

"Unafanya nini?" Kidawa akanong'ona. "Huu si mlango wetu!"

"Mlango ni mlango," akasema Semeni.

Mashavu alikuwa amefungwa nyuma kabisa kwa kamba za mzabibu mwitu, fundo juu ya fundo. Amenenepa kidogo. Walikuwa bado wanakata kamba waliposikia kuni zikitupwa chini, bwi.

Zimwi likasimama mdomoni mwa pango. Likawaona. Likacheka. Likainua mguu liingie, na mguu ukakataa. Likatazama juu.

"Moja nyekundu, mbili njano, tatu..." Kititia kikazunguka. "Lo! Nimepoteza. Naanza upya."

Jua lilikuwa utosini. Zimwi likahesabu. Likaziba pua, lakini kwa mdomo wake likahema zaidi. Likajaribu kuhesabu kwa mbali, macho hayakuona. Likasogea, kititia kikazunguka. Jua likapinda, zimwi linahesabu. Ndani watu watatu wamekaa wamekumbatiana. Semeni macho yalikuwa yanajifumba yenyewe. Alikuwa anayafungua kwa vidole.

Basi zimwi likakumbuka mvua. "Rangi yako hutoka!" likasema. "Mimi ndiye ninayejua!"

Likatoa ulimi, pana, uliolowa, wa moto. Likakilamba kititia mara ya kwanza.

Semeni akakaza mkono wa Mashavu. Je, alivitemea vyote? Kile cha buluu, cha mwisho, jioni ile, akiwa na usingizi, alikitemea? Hakukumbuka.

Zimwi likalamba mara ya pili. Mate yakachuruzika juu ya jiwe. Yalikuwa meupe.

Likalamba mara ya tatu, likakwangua kwa ulimi kama mtu anayekomba sufuria. Kititia kikasimama, kimelowa, kinadondosha maji. Nyekundu ilikuwa nyekundu. Njano ilikuwa njano. Buluu ilikuwa buluu.

"Moja nyekundu," zimwi likasema, na sauti yake ilikuwa imechoka sasa. "Mbili njano. Tatu..." Likapumua.

Likawa linahesabu bado jua lilipozama. Miguu ikawa udongo, halafu tumbo, halafu mikono. Mwisho mdomo. "Naanza u..." likasema. Likawa kichuguu.

Wakatoka kwa kujipenyeza ubavuni pake. Mashavu hakutaka kutembea, na Semeni hakuweza kumbeba, kwa hiyo Kidawa alimbeba mtoto mgongoni na kumshika mama mkono. Ndivyo walivyofika nyumbani.

Sasa mngetaka niseme palipigwa ngoma. Hapakuwa na ngoma. Semeni aliingia ndani akalala.

Asubuhi watu wakaja. Zimwi moja likifa ndugu zake wapo, na milango arobaini ilikuwa mitupu. Mkuu wa kijiji akapiga hodi. "Semeni! Na changu je..."

Kidawa alikuwa amekaa kizingitini. Hakuinuka. "Amelala," akasema. "Kilima cha tatu ni upande ule. Mchukue mtu wa kushika nyuma ya gogo. Mkirudi nitawaonyesha kubandua."

"Lakini sisi hatujui!"

"Hata mimi sikujua. Vibamba kumi nilivipasua. Haya, mbona mmesimama?"

Wakatazamana. Wakaenda. Wakakata, wakabeba, wakachemsha, wakabandua. Wakapasua vingi, wakaungua vidole. Wakaanika kivulini siku tatu, wakatema mate mpaka vinywa vikakauka, wakatia rangi.

Siku hiyo ya kutia rangi, mchana, Semeni aliamka akatoka kizingitini. Vititia vilikuwa vimepangwa uani. Kimoja kimepinda. Kimoja bawa lake la njano limeingia kijani. Kimoja hakizunguki mpaka ukisukume. Watu wazima wamesimama kando ya kazi yao, wanamtazama usoni kama watoto.

Semeni akafungua kinywa aseme. Akakitazama kile kilichopinda. Mikono yake ikajua mara moja pa kukinyoosha.

Akafumba kinywa. Akarudi ndani, akajinyoosha mkekani kando ya mwanawe, akalala tena. Na hakuna aliyekuja kumwamsha.

Hadithi yangu imechoka, imekaa hapo. Neno lake ni hili: kazi inayowalinda wote isibebwe na mmoja, na anayesema amechoka, msaidieni siku hiyo hiyo anayosema. Haya, ondokeni, kila mtu achukue mkeka wake. Wangu nao uchukueni.